Nani Fundi Wake?

Mjukuu wangu anasoma kompyuta chuoni, na kama vijana wengi waliosoma jambo lolote kwa mwaka mmoja, anaamini jambo lenyewe lilianza mwaka huo. Juzi tukiwa mezani alinieleza habari za akili mnemba: kwamba sasa mashine inaandika barua, inachora, inaamua nani apewe mkopo na nani anyimwe, na wakubwa wa dunia wanabishana kama siku moja itatugeuka. Nikamwambia ubishi huo sisi tuliufanya Kariakoo kabla mama yake hajaanza darasa la kwanza. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Bibi, enzi zenu si mlikuwa mnasikiliza salamu za redioni tu?"

Sikumjibu pale. Angechoka kabla sijafika hata kwenye kaunta ya mjomba, na bila kaunta ya mjomba habari hii haielezeki.

Kaunta hiyo ilikuwa dirisha. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, kwenye mtaa mdogo unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Mtaa sitautaja, wenye majengo wa leo wana mawakili. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma wenye jiko, choo na mpapai, na mbele baraza la saruji lililosuguliwa na makalio ya watu mpaka likang'aa. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo aliyepangisha kila chumba isipokuwa chake. Mjomba, kaka yake mama, alikodi chumba cha mbele upande wa kulia, akapanua dirisha, akaweka ubao, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: FUNDI REDIO. Jina lake hakuliandika, na mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi, basi, utadhani Gerezani yote pale jirani haikuwa imejaa mafundi.

Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisitoke, mama alinipeleka kwake nikae kaunta. Kazi yangu ilikuwa kufunga kikaratasi kwenye kila redio iliyoletwa: jina la mwenyewe, anakokaa, ugonjwa wa redio. Watu walieleza ugonjwa wa redio zao kama wanavyoeleza wa watoto. Hii inakohoa. Hii inalala ikifika usiku. Hii inasema Kireno tu. Nami nikaandika vilevile, maana mjomba alisema mgonjwa asikilizwe kwa maneno yake.

Harufu ya chumba kile hata leo nikiipata mahali nasimama. Ilikuwa ya risasi ya kulehemia ikiyeyuka, na chini yake vumbi lililoungua ndani ya redio kubwa za mbao, zile zenye taa ndani zilizohitaji muda kupata moto kabla hazijasema. Halafu spiriti ya kufutia, na uchachu wa betri zilizovuja. Betri hazikutupwa. Zilipangwa barazani juani, nyekundu za National, zikiota jua pamoja na wazee, kwa matumaini kwamba jioni zitasukuma taarifa ya habari moja zaidi. Moshi wa risasi ulimuumiza mjomba macho, akawa anatazama watu kwa kuyafinya, na mgeni akidhani anadharauliwa. Wakati mwingine alikuwa anadharauliwa kweli.

Redio iliyopona iliachwa ikizungumza kutwa nzima kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, ili mjomba ahakikishe haitarudia. Kwa sababu hiyo duka lilikuwa na habari kuliko nyumba ya mbunge: Redio Tanzania kwenye rafu ya juu, Idhaa ya Kiswahili ya BBC chini yake, Sauti ya Ujerumani pembeni, na ikifika saa ya taarifa zote tatu zikapandishwa sauti. Watu walikuja kwa ajili hiyo. Alikuja mwalimu mstaafu na gazeti lake la Uhuru lililokunjwa mara nne. Alikuja ustadhi aliyefundisha watoto madrasa nyuma ya msikiti. Makuli wa sokoni walikuja wakimaliza zamu, na wanachama wa Simba wakielekea klabuni kwao walisimama kidogo wapate la kuendea nalo. Katikati alikaa muuza kahawa, mzee wa Kiunguja, akigonga vikombe vyake. Mjomba alikuwa na sheria moja: anayetaka kubisha aseme kwanza habari kaitoa wapi. "Nimesikia" haikukubaliwa. Umesikia kwa nani, saa ngapi, idhaa gani.

Yule mzee wa kahawa ndiye aliyeleta anga za juu barazani. Alisema akiwa kijana alibeba saruji Tunguu, Unguja, Wamarekani walipojenga kituo chao cha kufuatilia vyombo vya anga. Hakuna aliyemwamini mpaka mwalimu alipothibitisha: kituo kilikuwepo kweli tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini, kilikuwa kimojawapo katika mnyororo wa vituo uliozunguka dunia, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, sauti yake ilishuka Kano, kisha ikashuka Zanzibar. Wanasiasa wa Unguja waligombania kituo hicho, wengine wakisema ni cha makombora, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa. Mzee alipenda kusimulia minara na waya na Wazungu wenye kaptura. Mjomba hakujali rubani wala chombo. Aliuliza, "Kilipoharibika, nani alikitengeneza? Walikuwa na fundi pale pale au walimleta kutoka kwao?" Mzee akasema walikuwa na mafundi wao, hawakumruhusu mtu mwingine kugusa. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Kwake hilo lilikuwa swali la kila kitu. Kuna chombo kimoja tu alichokisifu bila kuuliza, nacho ni soko la Kariakoo lenyewe. Alisema kama kuna kitu kimeshuka Kariakoo kutoka sayari nyingine ni lile paa la miavuli ya zege, lakini fundi wake tunamjua, ni Beda Amuli, Mtanzania, na likivuja tunajua wa kumwuliza.

Sasa sinema. Mjini zilikuwepo za heshima, Empire, Empress, Avalon, Odeon, ambako watu walivaa. Ilikuwepo ya kutazama ukiwa ndani ya gari kule Msasani; leo kiwanja hicho ni cha ubalozi wa Marekani, kwa hiyo mahali tulipokuwa tukiwatazama Wamarekani ukutani wamekuja wenyewe wakajenga ukuta. Televisheni Bara haikuwepo. Unguja walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, na wenye uwezo Upanga na Oysterbay walisimamisha nguzo ndefu juu ya mapaa, antena zikielekea baharini, ili wainase. Nguzo kadhaa mjomba ndiye aliyezisimamisha. Alizijua televisheni kabla nchi haijaziruhusu, na hakuwa nayo hata moja.

Kisha vyumba viwili nyuma ya duka letu vikavunjwa ukuta wa kati, vikawa kimoja: banda la video. Yakaingia mabenchi, deki, televisheni moja juu ya kabati na jenereta uani chini ya mpapai, ambao ulikauka. Mwaka gani? The Terminator ilitoka Marekani 1984, Commando 1985, na bandani ilianza Commando; Mr. India ni ya 1987 na ilikuwa haijafika. Basi ni hapo katikati, na tuiache hapo.

Mimi sikuingia. Msichana aliyeingia banda la video alipewa jina mtaani, na jina hilo halikufutika kwa sabuni. Sitaki kupamba: lilikuwa chumba cha jasho, mifuko ilichanwa humo, na usiku wa manane zilionyeshwa picha ambazo hata waliozitazama walizikana. Lakini ukuta kati ya duka na banda ulikuwa wa miti na udongo, umepakwa saruji kwa aibu tu. Nilizisikia picha nyingi kuliko wengine walivyoziona. Nilizisikia kwa Kiswahili, kwa sababu ya mtafsiri.

Vijana hawaelewi mtafsiri alikuwa nini. Wanadhani ni mtu anayegeuza maneno. Yule wetu alikuwa baharia wa zamani aliyeokota Kiingereza bandarini. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akasema kile wanachosema, kisha wanachofikiri, kisha anachofikiri yeye juu yao. Adui akiingia alimtangulia: huyu msimwamini, ana sura ya mwenyekiti wa ushirika. Nyumba ikianguka alikadiria bei ya mabati. Watu walimjibu, naye akawajibu, na picha ikaendelea nyuma yao kama mvua. Baadaye zikaja kanda zilizotafsiriwa tayari, na bingwa wa hizo alikuwa Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilifika mikoani kuliko magazeti. Lufufu alikuwa fundi, sina ubishi naye. Ila na kanda hujibiwi. Tangu hapo bandani watu wakaanza kunyamaza.

The Terminator ilikuja wakati wa baharia. Kilichotokea ni kwamba watu walimjua tayari mwigizaji wake, yule jitu, kwa Commando, ambamo ndiye stelingi, shujaa wa picha. Kwa hiyo alipotokea uchi usiku akawapiga wahuni, banda lilishangilia. Alipoanza kuua wanawake walioitwa Sarah Connor mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata kitabu cha simu, niliwasikia wakikatika sauti. Mtu akauliza, "Stelingi amekuwaje?" Baharia akanyamaza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, kisha akasema: "Jamani, huyu si stelingi. Huyu si mtu. Ni mashine, ametumwa." Ukimya uliofuata ulipita ukutani ukaingia kwetu. Mjomba aliinua chuma cha kulehemia kutoka kwenye redio ya mtu.

Walipotoka walikuja barazani moja kwa moja na kumweleza Fundi. Mashine yenye nyama ya mtu juu, iliyotumwa kutoka miaka ya mbele na mashine kubwa ya jeshi, ambayo wenyewe Wamarekani waliiunda, wakaiachia maamuzi yote ya vita, nayo ikaamua binadamu ndiye adui. Mjomba akauliza inachaji wapi. Akauliza spea zake zinatoka wapi. Hapo kuli mmoja akamweleza kile kipande cha chumbani: jitu limejeruhiwa, limeketi mbele ya kioo, linajipasua mkono kwa kisu na kuvuta vyuma ndani likivirekebisha, kisha linatoa jicho. Linajitengeneza lenyewe.

Sijamwona mjomba akiogopa picha nyingine yoyote. Alisema bunduki si kitu na nguvu si kitu. Lakini chombo ambacho ni fundi wa nafsi yake, huyo hakuna wa kumwendea. Redio ya kila mtu pale ina mahali inapoletwa. Ikikataa kusema, kuna mtu anaitwa. Ile haiitiwi mtu.

Mr. India ilileta nafuu. Hiyo ilikuwa ya Kihindi, ya Shekhar Kapur, kijana ana kidude mkononi kinachomfanya asionekane, mpaka umtazame kwenye mwanga mwekundu. Mogambo, adui wake, alipendwa kuliko stelingi, na watoto wa mtaa walitembea wakisema sentensi yake ya Kihindi bila kujua maana. Kwa wiki nzima hapakubaki karatasi nyekundu ya peremende Kariakoo: kila mtoto alikuwa na kipande machoni akitafuta wasioonekana. Mjomba aliidhinisha. Kidude kilitengenezwa na baba yake kijana, mwanasayansi, na kina kasoro inayojulikana. Kitu chenye kasoro inayojulikana kina fundi.

Ubishi mkubwa ulitokana na ile picha ya pili ya jitu, iliyotoka 1991. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, nimerudi kaunta na mtoto mgongoni, ndiye mama wa huyu anayecheka. Katika picha hiyo jitu limegeuka mlinzi, na banda lilipiga mayowe ya watu waliokuwa wanasema tuliwaambia. Lakini kilichofika barazani kilikuwa kingine. Katika picha, kampuni ya Marekani imeokota kipande cha lile jitu la kwanza lililosagwa kiwandani, kidude kidogo cha kichwani pamoja na mkono, na mhandisi wao anakichunguza ili aunde mashine. Na mashine atakayoiunda ndiyo itakayokuja kulituma jitu. Mjomba kwanza alifurahi: spea ya mtumba! Hata Marekani wanakata vyuma vya ajali! Halafu akanyamaza, akafinya macho.

"Ngoja. Kidude wamekitoa kwenye jitu. Jitu limeundwa kwa kidude. Nani alikitengeneza mara ya kwanza?"

Mwalimu akasema mhandisi. Mhandisi amenakili, akasema mjomba, tena amenakili kitu ambacho hakijaundwa bado mpaka yeye anakili. Basi mashine. Mashine imeundwa na mhandisi. Makuli wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Ustadhi, ambaye bandani hakukanyaga na picha zote alikuwa akizipata kwa mdomo, akasogeza mkeka. Akasema Imamu Ghazali ameshalimaliza hilo tangu karne na karne: kila kilichoanza kina aliyekianzisha, na huwezi kurudi nyuma bila kikomo, lazima ufike kwa Asiyeanzishwa. Picha hiyo, alisema, ni ukafiri kwa sababu imefanya duara mahali pa Muumba. Mwalimu, aliyesomeshwa na mapadri, akasema hata Aristotle alifika huko huko kwa mlango mwingine, na kwamba duara si ukafiri, ni uvivu wa mwandishi. Mzee wa kahawa akasema basi huenda vitu vingine kweli havina mwanzo, bahari ina mwanzo? Wakamgeukia wote wawili.

Ubishi huo ulichukua Ramadhani nzima. Watu wa mitaa ya Sikukuu na Congo walikuja kuusikiliza. Mtu mmoja aliwahi kuniambia falsafa ya Kiswahili ilikuwa Mlimani, chuo kikuu, sibishi, ilikuwepo. Mwandishi Kezilahabi alikuwa huko, na mwalimu alituletea Nagona barazani, kitabu chembamba ambamo mtu anatembea katika mji wa ajabu na kukutana na wanafalsafa wenyewe, kisha akaja na Mzingile, ambamo dunia imeshaangamia na inaanza upya. Alizisoma kwa sauti, nasi tukazielewa kwa shida, na kuli mmoja akauliza kwa nini hizi hazionyeshwi bandani. Hilo lilikuwa swali zuri na halijajibiwa. Kila mwaka nasoma mahali kwamba Waafrika hatuna hadithi za kubuni za kisayansi. Nagona iko. Walenisi ya Katama Mkangi iko. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi 2009, filamu fupi ya dunia isiyo na maji, ambamo hata jasho linahifadhiwa, na ningetoa mengi mjomba aione, maana kila chombo humo kina mtu anayekizungusha kwa mwili wake. Wanaosema hatuna hawajatafuta, au wametafuta kwenye rafu ya Kiingereza.

Lakini nilikuwa kwenye ubishi. Aliyeufunga ni mjomba, na aliufunga kwa hasira. Alisema nyote mnauliza nani alianza kana kwamba ni jambo la mbinguni. Mimi nauliza kwa sababu ya lawama. Wakubwa wanapenda duara. Mhandisi atasema nilinakili tu, jeshi litasema mashine iliamua, mashine itasema niliundwa hivyo, na watu wameshakufa. Kitu kisicho na fundi hakina wa kulaumiwa, ndiyo maana wanakitaka.

Picha hiyo ilitaja tarehe ya maangamizi: Agosti 29, 1997, mashine ikijitambua saa nane na dakika kumi na nne usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu, kwetu ni saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Ilikuwa Ijumaa. Walikaa barazani wamenyamaza kwa mzaha, saa ya ukutani imetolewa nje, na ilipopita mjomba akachomeka chuma chake cha kulehemia. "Umeme upo," akasema, na kwa miaka ile ya mgao hilo lenyewe lilikuwa muujiza. Jumapili yake redio zote tatu zikatangaza kifo cha Diana, na mashine zikasahaulika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, nami sitayafuata yote. Televisheni ilikuwa imeshaingia Bara tangu 1994, ITV na wenzake, na kila nyumba yenye seti ikawa banda dogo lisilo na mtafsiri. Redio zikawa za bei ya kutupwa; mtu haleti kwa fundi kitu alichokinunua kwa bei ya soda chache. Kanda zikawa sidii, sidii zikawa dividii, dividii zikawa flashi. Bongo Movie ikatuliza watu kwa mahaba na majini, na mwigizaji wake Kanumba alipofariki Aprili 2012 mitaa hii ilijaa vilio. Mwisho wa mwaka huo mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam na kila mtu akatafuta king'amuzi. Mjomba hakukiona king'amuzi. Alikufa akiwa bado na rafu ya redio ambazo wenyewe hawakuzirudia, kila moja na kikaratasi cha mwandiko wangu.

Bibi wa Kizaramo alipofariki, wajukuu waliuza. Ghorofa lililosimama pale lina fremu ndogo ndogo, chaja, kava za simu, vioo vya simu, na ngazi isiyo na taa wala dirisha. Baraza hakuna. Kariakoo nzima sasa huna pa kukaa bila kununua kitu. Unapita katikati ya vipaza sauti viwili vinavyorudia bei ile ile kwa sauti iliyorekodiwa asubuhi, na mwenye sauti hayupo, ameenda kunywa chai.

Soko la Amuli liliungua Julai 10, 2021. Na Jumamosi ya Novemba 16, 2024, ghorofa likaporomoka kwenye Mchikichi na Congo, watu wakiwa ndani. Waliofukiwa walikuwa wakiwasiliana na waokoaji kutoka chini ya kifusi, siku na siku. Waliokufa walipita ishirini. Rais akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Nilisikiliza redio wakati ule kwa masikio ya mjomba, na nikasikia kitenzi kimoja kikijirudia: limeanguka, limeanguka. Embe huanguka. Ghorofa lina aliyelichora, aliyelipitisha na aliyelichimba chini.

Ndiyo maana mjukuu wangu aliponiambia akili mnemba inaamua nani apewe mkopo nilikasirika haraka. Yeye ametazama picha zote hizi, na nyingine nisizozijua, amezitazama simuni akiwa kitandani, na anaweza kunitajia nani aliziongoza na zimeingiza fedha ngapi. Anajua nadharia za kila mwisho. Lakini nilipomwuliza nani aliiambia mashine maskini ni nani, alisema, "Mfumo, Bibi. Inajifunza yenyewe." Alisema kwa fahari. Inajifunza yenyewe, inajitengeneza yenyewe: nikaliona lile jitu mbele ya kioo.

Wiki iliyofuata simu yangu ilikufa kioo, nikaenda Mtaa wa Aggrey kwa vijana wa kutengeneza simu. Hawa nawaheshimu. Wana hadubini, wana kipulizia hewa ya moto, wanang'oa kidude kisichozidi punje ya mtama na kukirudisha, na risasi inanuka vilevile. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama lishe na simu ya mkopo, ile ya kulipa kila siku, ambayo ukichelewa inajifunga yenyewe popote ulipo. Yake ilikuwa imejifunga asubuhi, na wateja wake humlipa kwa simu hiyo hiyo.

"Nifungulie, mwanangu."

"Hii haifunguki hapa, mama. Si ugonjwa. Imefungwa."

"Imefungwa na nani? Mimi jana nimelipa, meseji hii hapa."

"Mfumo."

"Mfumo anakaa wapi?"

Foleni ikacheka. Kijana wa nyuma yangu akasema kuna watu wanazifungua Tandika. Mwingine akasema hao ni wezi, utafungwa wewe badala ya simu. Wa tatu akasema lakini kama amelipa nani mwizi. Fundi akaweka chini chuma chake, akachukua ile simu, akaisoma meseji taratibu akiwa amefinya macho, akasema malipo yameingia saa nne usiku na simu imefungwa saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kuna mtu aliyeweka saa ya kukata hesabu, tena aliiweka vibaya. Mama akamwomba amwandikie hayo kwenye karatasi. Akaandika, pamoja na saa zote mbili, na mama akafunga khanga yake vizuri akauliza ofisi zao ziko ghorofa ya ngapi.